Kulinda Ini la Samaki: Dawa ya Mitishamba Isitangulie Ghala

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika zenye mabwawa ya samaki. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.)



Katika maombi ya fedha ya safari hii, sharika kadhaa zimeandika kipengele ambacho hakikuwepo zamani. Kipengele hicho ni fedha za kununulia "dawa ya ini" ya samaki, yaani unga au maji ya mitishamba yanayochanganywa kwenye chakula. Wauzaji wamepita vijijini, wamesema dawa hiyo inasafisha ini, inaongeza uzito na inazuia vifo. Wengine wamewaonyesha wanakikundi karatasi zenye picha nzuri. Kesho kamati itakaa kugawa fedha zilizopo, na fedha hizo hazijaongezeka. Kila shilingi itakayokwenda kwenye pakiti hiyo haitakwenda kwenye turubai, mzani wala vifaranga.

Kwa hiyo nimeona nisije hapa kusema tu "nunueni" au "msinunue". Nataka tuelewane kwanza ini la samaki linaharibiwa na nini, mitishamba inaweza kufanya nini, na haiwezi nini. Msimamo wangu nitautaja mapema ili msiungojee: baadhi ya mimea inaweza kulisaidia ini la samaki, lakini hakuna mmea unaoweza kumwokoa samaki anayelishwa pumba zilizoota ukungu kila siku. Tuanze na ghala, kisha ndipo tuzungumze juu ya dawa.

Ini linafanya kazi gani

Ini la samaki ni kama jiko na stoo kwa pamoja. Chakula kikishasagwa tumboni, virutubisho vinapelekwa kwenye ini. Hapo vinatengenezwa, vinahifadhiwa na kugawanywa mwilini. Ini hutengeneza nyongo inayosaidia kuyeyusha mafuta. Huweka akiba ya sukari na mafuta. Aidha, ini ndilo linalopokea sumu zote zilizoingia na chakula na kujaribu kuzivunja ili zitoke mwilini. Kwa sato na ndugu zake perege, sehemu ya kongosho nayo imetapakaa ndani ya ini hilohilo. Hivyo ini likiumia, hata usagaji wa chakula unaweza kuyumba.

Ini la samaki mwenye afya huwa na rangi ya hudhurungi, limekaza kiasi, na ukilishika halimeguki ovyo. Ini lililojaa mafuta au lililoumia huweza kuwa la njano iliyopauka, limevimba, lina mabaka, au linamomonyoka vidoleni. Rangi peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu hata samaki aliyeshiba sana pumba huwa na ini lililopauka. Hata hivyo ni ishara ambayo kila kikundi kinaweza kuisoma bila maabara.

Katika mavuno ya kikundi kimoja cha akina mama tulipasua samaki kumi kutoka bwawa moja. Wengi wao walikuwa na maini ya njano na laini. Samaki hawakuwa wamekufa, walikuwa wamedumaa tu. Akina mama wakauliza kama ile dawa ya pakiti ingefaa. Badala ya kujibu, tuliomba kuona stoo ya chakula. Magunia ya pumba yalikuwa yamelazwa sakafuni, yameegemezwa ukutani, na chini yake pumba zilikuwa zimegandamana na kuwa na ukungu wa kijani. Sikuweza kuthibitisha kwa macho kwamba ukungu ule ndio uliodhuru maini yale. Lakini hapakuwa na haja ya kusubiri uthibitisho ili kuacha kuwalisha samaki pumba zile.

Adui wa kwanza: sumukuvu

Ukungu ule wa kijani unaweza kuwa wa aina inayotoa sumukuvu, na iliyo mbaya kuliko zote kwa ini inaitwa aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga, mbegu za pamba na alizeti, hasa pale mazao yanapopata ukame yakiwa shambani au unyevu yakiwa ghalani. Haionekani kwa macho wala haina ladha. Kupika ugali au kuchemsha chakula cha samaki hakuiondoi.

Historia ya sumu hii imeanzia kwa wanyama wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikapatikana kuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Karibu na wakati huohuo, wafugaji wa samaki aina ya trauti huko Marekani waliona samaki wao wengi wana uvimbe wa saratani kwenye ini. Uchunguzi ulielekeza kwenye mashudu ya pamba yaliyokuwa na aflatoksini ndani ya chakula chao. Trauti ni dhaifu mno mbele ya sumu hii. Kiasi kidogo sana, hata sehemu moja katika sehemu bilioni ya chakula, kikiliwa kwa muda mrefu kinaweza kumletea saratani ya ini.

Sato wetu ni mvumilivu zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, sato walilishwa kwa wiki nane chakula chenye viwango mbalimbali vya aflatoksini B1. Waliopata miligramu 10 kwa kilo ya chakula walikua polepole. Waliopata miligramu 100 walipungua uzito na seli za ini zilikufa. Viwango hivyo ni vikubwa sana. Kwa kulinganisha, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi ya binadamu katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 za aflatoksini B1 kwa kilo, na mikrogramu 10 kwa aflatoksini zote kwa pamoja. Miligramu 10 ni mara 2,000 ya hizo mikrogramu 5.

Mtu anaweza kusema: basi sato hana shida, alishwe tu. Hapana. Uvumilivu wake ndio unaotudanganya. Angekuwa anakufa siku ya pili, tungetupa gunia lile siku hiyohiyo. Kwa kuwa hafi, tunaendelea kumlisha, naye anaendelea na maisha huku ini likifanya kazi ya ziada, na sisi tunalaumu mbegu ya vifaranga.

Tena stoo ya chakula cha samaki na stoo ya chakula cha nyumbani mara nyingi ni chumba kimoja. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Hapa Tanzania, mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya kati, wakiwemo wa Dodoma na Manyara, na 20 wakapoteza maisha. Kuvu alioshambulia mahindi yale ndiye huyuhuyu tunayemkaribisha kwenye gunia la pumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta aflatoksini pia kwenye mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mikoa yetu kadhaa. Na mashudu ya alizeti ndiyo tegemeo letu kubwa la protini bwawani.

Maadui wengine wa ini nao wapo. Pumba za mpunga zina mafuta yanayochacha upesi baada ya kukobolewa, na mafuta yaliyochacha huumiza ini. Kulisha wanga mwingi kuliko protini hujaza ini mafuta. Dawa za kunyunyizia nyanya na viazi zikisombwa na mvua hadi bwawani nazo humalizia kwenye ini. Yote haya hayatibiwi na pakiti.

Mitishamba: kinachojulikana

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe, maana sitaki mwondoke hapa mkidhani naidharau. Utafiti wa mitishamba kwa samaki umeongezeka sana katika miaka 20 iliyopita. Sababu mojawapo ni kwamba nchi nyingi zimebana matumizi ya antibiotiki kwenye chakula cha mifugo. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006. Wafugaji wakaanza kutafuta njia nyingine.

Mmea uliochunguzwa sana kwa ajili ya ini ni mmoja wa miiba wenye asili ya nchi za Mediterania, uitwao kitaalamu Silybum marianum. Mbegu zake hutoa dawa iitwayo silimarini. Huko Ulaya, sehemu ya dawa hiyo hutumika hospitalini kwa watu waliokula uyoga wenye sumu ya ini. Majaribio kwa samaki, sato akiwemo, yameonyesha kuwa inaweza kupunguza madhara ya sumu kwenye ini. Watafiti hupima hilo kwa kuangalia vimeng'enya vya ini vilivyovuja kwenye damu. Ini likiumia, vimeng'enya hivyo hupanda, na likipata nafuu hushuka.

Kwetu mmea unaopatikana kirahisi ni manjano, hulimwa Morogoro, Tanga na Zanzibar. Rangi yake ya njano inatokana na kemikali iitwayo kukumini. Majaribio ya manjano kwa sato yameonyesha matokeo mazuri ya ukuaji na kinga, na pia nafuu kwa ini lililopewa sumu. Kitunguu saumu nacho kimejaribiwa. Huko Misri, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, sato walipewa kitunguu saumu kwa viwango vya gramu 10 hadi 40 kwa kilo ya chakula, na gramu 30 ndizo zilizotoa ukuaji mzuri zaidi.

Dawa nyingi za pakiti zinazouzwa hutengenezwa kwa mimea ya tiba za asili za India. Baadhi ya mimea hiyo imefanyiwa utafiti wa kweli. Tatizo ni kwamba jina la mmea kwenye pakiti halituambii umewekwa kiasi gani, ulikaushwa vipi, wala umekaa dukani muda gani.

Mimea hii inafanyaje kazi? Aflatoksini ikifika kwenye ini, ini lenyewe katika kujaribu kuivunja huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachoshambulia chembe za uhai za seli. Wakati huohuo ini lina walinzi wake wa kukamata kitu hicho na kukitoa nje. Sumu ikiwa nyingi, walinzi huisha. Silimarini na kukumini huonekana kuwaongezea walinzi hao nguvu na kupunguza kuungua kwa seli. Kwa maneno mengine, mtishamba unamsaidia mlinzi, lakini haufungi mlango. Mlango ni chakula. Ukiuacha wazi, walinzi watachoka tu, hata ukiwaongeza kila mwezi.

Aidha tukumbuke kwamba majaribio mengi yamefanyika kwenye matangi, kwa chakula kilichopimwa vizuri, na kwa majuma machache. Bwawa la udongo la kikundi chetu, lenye mbolea ya ng'ombe, mwani na baridi ya nyanda za juu, ni jambo jingine.

Si kila jani ni rafiki

Kuna wazo limeenea kwamba dawa ikiwa ya majani basi haina madhara. Ndugu zangu, ni mahali gani watu wanajua zaidi ya sisi kwamba majani yanaua samaki? Wazee wetu walivua kwa utupa. Waliuponda, wakautia mtoni, na samaki wakaelea juu. Utupa ni mmea wa asili kabisa. Mnyaa nao umetumika hivyohivyo. Mwarobaini, ambao wengi tunauheshimu kama dawa ya magonjwa mengi, una viambato vinavyoweza kuua samaki vikizidi majini.

Kuna mimea ambayo hudhuru ini hasa. Baadhi ya mimea ya jamii ya marejea ina sumu inayojulikana kwa kuharibu ini la mifugo. Hivyohivyo mmea wa majani mapana uitwao komfri, ambao baadhi yetu tulifundishwa kuwalisha sungura. Kumlisha samaki majani hayo kwa nia ya kumlinda ini ni kumpelekea mgonjwa ugonjwa.

Hata mmea mzuri ukizidi hudhuru. Mlonge ni mfano. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2003 jaribio la kutumia majani ya mlonge badala ya sehemu ya protini ya chakula cha sato. Waliporudishia asilimia 10 ya protini kwa mlonge, samaki hawakuathirika sana. Walipozidisha hapo, ukuaji ulishuka, kwa sababu majani hayo yana vitu vinavyozuia usagaji wa chakula. Kwa hiyo tunaposikia kikundi kimeamua kumimina mlonge kwa debe, tukumbuke jaribio hilo.

Hesabu ya bwawa moja

Tuchukue bwawa la mita za mraba 300 lenye samaki 600. Wakifikisha wastani wa gramu 100 kila mmoja, jumla ni kilo 60 za samaki. Tukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, ni kilo 1.8 za chakula kwa siku, sawa na kilo 54 kwa mwezi.

Tukitaka kuweka manjano gramu 5 kwa kila kilo ya chakula, tunahitaji gramu 270 za unga wa manjano kwa mwezi. Hilo linawezekana, hasa kwa kikundi chenye tuta lake la manjano. Tukitaka kitunguu saumu kwa kiwango kile cha gramu 30, tunahitaji gramu 1,620 kwa mwezi, yaani zaidi ya kilo moja na nusu. Akina mama wanaonunua vitunguu saumu sokoni wanajua maana ya namba hiyo. Samaki wakiendelea kukua, mahitaji yanapanda.

Turubai la kuanikia hununuliwa mara moja na hutumika kwa misimu kadhaa. Vichaga vya mbao vya kuinulia magunia vinaweza kutengenezwa na fundi wa kijijini. Pakiti ya dawa huisha, na mwezi ujao unanunua nyingine. Na turubai likishaanika mahindi ya bwawa, linaanika pia mahindi ya nyumbani. Faida yake inafika mezani kwa mtoto, mahali ambapo dawa ya ini la samaki haifiki.

Mapendekezo kwa kamati

Kwanza, kikundi kikiomba fedha za dawa ya ini, kamati ikague stoo yake kabla ya kujadili ombi. Maswali ni machache: Magunia yako juu ya vichaga? Yameachana na ukuta? Paa linavuja? Chakula kimekaa muda gani? Pumba za mpunga zinanuka uchachu? Kama jibu la lolote ni baya, fedha ziende huko kwanza.

Pili, mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi kama robo yake na kiganja cha chumvi kavu, tikisa vizuri, subiri kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi kwenye turubai. Chumvi isiponata, bado yaanikwe siku nyingine ili kuwa salama zaidi.

Tatu, desturi ya kusema "haya mabovu tuwape samaki" iishe. Nafaka yenye ukungu isipewe samaki wala kuku, wala isiuzwe kwa wapika pombe. Ifukiwe. Najua ni maneno magumu kwa mtu aliyelima kwa jembe la mkono na mvua zikamwangusha. Ndiyo maana turubai liwepo mapema, ili asifike kwenye uamuzi huo.

Nne, kikundi kinachonunua chakula au mashudu kwa wingi kimshirikishe afisa uvuvi au afisa mifugo ili sampuli ipelekwe maabara ya veterinari kupimwa. Sharika jirani zinaweza kuungana kuchangia gharama, kama zinanunua kutoka kwa mkamuaji mmoja.

Tano, anayetaka kujaribu mtishamba aanze na manjano, na ajaribu kwa utaratibu. Nunueni mizizi mizima, si unga wa sokoni ambao unaweza kuchanganywa na vitu vingine. Oshweni, mkate vipande vyembamba, mkaushe kivulini, mtwange na kuchekecha. Pimeni kwa mzani, si kwa kiganja. Changanyeni manjano na unga kidogo kwanza, kisha na unga uliobaki, ili yaenee sawa. Ongezeni uji wa muhogo ili chakula kishikamane, mpitishe kwenye mashine ya kusagia nyama, na vidonge vikaushwe kivulini pia, maana jua kali huiharibu kukumini.

Sita, pawe na bwawa la kulinganishia. Mabwawa mawili ya ukubwa mmoja, vifaranga wa siku moja, chakula kilekile kikavu. Moja liwekewe manjano, jingine lisiwekewe. Kila mwezi pimeni samaki 30 kutoka kila bwawa. Siku ya mavuno pasueni kumi kumi, mtazame maini, muandike kwenye daftari. Napendekeza sharika tatu zifanye hivyo kwa msimu mmoja, kwa sababu bwawa moja linaweza kutudanganya. Tukiona tofauti, nitakuwa wa kwanza kuleta ombi la fedha mbele yenu. Tusipoiona, tutakuwa tumeokoa fedha za miaka mingi.

Saba, wakati wa kuandaa samaki kwa kitoweo, ini na matumbo yasiende jikoni. Sumu, kama ipo, hujikusanya zaidi kwenye ini kuliko kwenye nyama.

Neno kwa wafadhili

Kwa ndugu zetu wafadhili nina ombi moja. Katika taarifa tunazowatumia, ni rahisi kuandika kwamba pakiti kadhaa za dawa zimegawiwa na vikundi kadhaa vimefaidika. Picha ya mama ameshika pakiti hupendeza. Picha ya gunia lililo juu ya vichaga haipendezi, na ghala kavu halina habari ya kusisimua, kwa sababu habari yake ni kwamba hakuna kilichoharibika.

Tunawaomba mtuulize maswali tofauti. Tuulizeni samaki walikuwa na uzito gani siku ya mavuno. Tuulizeni maini yalikuwa na rangi gani. Tuulizeni ni kilo ngapi za mahindi zilifukiwa mwaka huu, na kama zimepungua kuliko mwaka jana. Mkituuliza hayo, nasi tutalazimika kuyapima, na vikundi vitajua kwamba hayo ndiyo yenye maana.

Akina mama wa mabwawa wanavuna samaki ili mtoto apate sare ya shule na nyumba ipate kitoweo. Wao ndio watakaolipa gharama ya uamuzi wetu, uwe mzuri au mbaya. Ndiyo maana naomba kesho, kipengele cha maturubai, vichaga na mizani kisomwe kabla ya kipengele cha dawa. Na kama fedha zitatosha kimoja tu, kamati ipitishe hicho cha kwanza.